Breka ya poli mbili iliyoandikwa 32 inabeba ampia ngapi?

Waulize watu watatu swali hilo na huenda ukapata majibu matatu. Wa kwanza atasema 32. Wa pili atasema 64, maana poli ni mbili. Wa tatu atasema 16, maana poli mbili zinagawana. Aliye sahihi ni wa kwanza: namba ya ampia iliyoandikwa kwenye swichi, breka (swichi inayojizima mkondo ukizidi) au kontakta (swichi inayoendeshwa kwa koili ya umeme) yenye poli nyingi ni ya kila poli, poli zote zikiwa zimebeba mzigo kwa wakati mmoja. Hazijumlishwi wala hazigawanywi. Lakini hata huyo wa kwanza anaweza kuunguza kifaa chake, kwa sababu ile 32 ina masharti: volteji gani, mzigo wa aina gani, AC (mkondo unaogeuka pande) au DC (mkondo wa upande mmoja, kama wa betri), na joto kiasi gani ndani ya boksi.

Poli ni njia moja kamili ya mkondo ndani ya swichi. Ina terminali ya kuingilia, kontakti (kipande cha metali cha kugusanisha) iliyotulia, kontakti inayosogea, na terminali ya kutokea. Swichi ya poli tatu, basi, ni swichi tatu zilizowekwa kwenye mwili mmoja na kuendeshwa na mpini mmoja, kila moja ikiwa na ukuta unaoitenga na jirani yake. (Wapo wanaotafsiri neno hili kuwa nguzo, ila nguzo ya umeme kila mtu anajua ni ile inayosimama nje na nyaya juu yake. Tubaki na poli.)

Usichanganye poli na idadi ya terminali au vifungo. Ile swichi ya ngazi, inayowashia taa chini na kuzimia juu, ina terminali tatu lakini ni ya poli moja: mkondo unaoingia ni mmoja, unachagua tu uende kushoto au kulia. Na bamba la ukutani lenye vifungo vitatu ni swichi tatu za poli moja moja zilizokaa jirani. Ukibonyeza kimoja, vingine havisogei. Kwenye swichi ya poli nyingi, kinachosogea ni vyote.

Kwa nini hazijumlishwi

Tuseme hita ya maji ya wati 7,000 imefungwa kwenye umeme wa fezi moja wa volti 230. Mkondo wake ni 7,000 gawanya kwa 230, yaani ampia 30.4. Ampia hizo 30.4 zinaingia kupitia laivu, zinapita kwenye hita, zinarudi kupitia nyutro. Swichi ya poli mbili inakata laivu na nyutro kwa pamoja, kwa hiyo poli ya kwanza ina ampia 30.4 na poli ya pili ina ampia 30.4. Ni mkondo uleule uliopita mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kusema jumla ni ampia 60.8 ni sawa na kumhesabu mtu mmoja kuwa wawili kwa sababu aliingia mlangoni kisha akatoka.

Ukiwa na klampu mita, ile inayopima ampia kwa kuuzunguka waya, unaweza kuliona jambo hili kwa macho. Izungushe kwenye waya wa laivu peke yake: 30.4. Izungushe kwenye nyutro peke yake: 30.4. Izungushe kwenye nyaya zote mbili kwa pamoja: sifuri au karibu na sifuri, kwa sababu mikondo miwili inayokwenda pande tofauti inafutana. Anayepima kebo nzima bila kuzitenga nyaya, kisha akasema mzigo hauli umeme, ameangukia hapo.

Mkanganyiko ni mkubwa zaidi kwa watu wanaosoma maelekezo ya Marekani. Kule nyumba huletewa laivu mbili zenye volti 120 kila moja dhidi ya nyutro, na volti 240 kati ya laivu na laivu. Breka ya poli mbili ya ampia 30 inakamata laivu zote mbili. Ukihesabu kwa volti 240 unapata wati 7,200. Ukihesabu kila upande kwa volti 120 unapata wati 3,600 mara mbili, ambazo ni wati 7,200 zilezile. Kilichoongezeka maradufu ni nguvu, kwa kuwa volteji imeongezeka maradufu. Ampia zimebaki 30.

Kwenye fezi tatu hesabu inabadilika sura, kanuni haibadiliki. Hita ya kilowati 9 iliyogawanywa sawasawa kwenye fezi tatu za volti 400 inachukua 9,000 gawanya kwa (1.732 × 400), yaani ampia 13 kwenye kila waya; ile 1.732 ni kipeuo cha pili cha 3. Swichi ya poli tatu ya ampia 16 inaibeba. Ukiifunga hita hiyohiyo kwenye fezi moja ya volti 230, inataka ampia 39.1, na hapo hata breka ya 32 haifai. Kwa mota ongeza kwenye kigawanyo pawa fakta (sehemu ya volti mara ampia inayofanya kazi kweli) na ufanisi. Mota ya kilowati 7.5 kwa volti 400 inafikia takribani ampia 15 kwa kila fezi.

Kosa linaloendana na hili ni kuhesabu wastani. Mtu ana swichi ya poli tatu ya ampia 32, fezi ya kwanza ina ampia 40, ya pili 10, ya tatu 10. Anajumlisha, anapata 60, analinganisha na 96 aliyoipata kwa kuzidisha 32 mara tatu, anaridhika. Poli ya kwanza haijui habari ya jirani zake. Imebeba 40 na inapika.

Ukweli ni kwamba jirani wana athari ndogo, ila si ya namna hiyo. Ndani ya sakiti breka ya kawaida, kila poli inayolindwa ina kibati chake cha metali mbili kinachopinda kwa joto, na poli zikiwa zote na mzigo zinapashana joto. Kiwango cha IEC 60898-1 (IEC ni shirika la kimataifa la viwango vya umeme), kinachohusu breka za majumbani, kinalizingatia hilo. Mzigo ukiwa kwenye poli moja tu ya breka iliyopoa, mkondo wa lazima wa kuruka (ule ambao breka lazima ijizime ndani ya muda uliowekwa) unaruhusiwa kuwa juu kwa mara 1.1 kwa breka yenye poli mbili zinazolindwa, na mara 1.2 kwa breka ya poli tatu au nne. Maana yake breka yenye mzigo usiolingana inaweza kuchelewa kidogo kuruka. Haimaanishi kuwa ina nafasi ya ziada ya kutumia.

Hapohapo niondoe dhana nyingine: breka ya 32 hairuki mkondo ukifika 32. Kwa kiwango hicho, mkondo wa mara 1.13 (ampia 36) haupaswi kuirusha ndani ya saa moja, na mkondo wa mara 1.45 (ampia 46) unapaswa kuirusha ndani ya saa moja. Herufi B, C na D zinahusu kuruka kwa papo hapo: mara 3 hadi 5, mara 5 hadi 10, na mara 10 hadi 20. Waya unaochaguliwa unatakiwa kuistahimili hali hiyo.

Poli ya nyutro

Breka mbili zinaweza kufanana kabisa kwa nje, moja ikiwa ya poli mbili kamili na nyingine ya poli moja na nyutro. Ya kwanza ina kilinzi kwenye poli zote. Ya pili inakata laivu na nyutro kwa pamoja, lakini upande wa nyutro hauna kibati wala koili ya kuirusha breka papo hapo, ni kontakti tupu. Mchoro ulio ubavuni ndio unaosema. Poli iliyochorwa mstari mtupu pamoja na herufi N haina ulinzi. Ukifunga laivu kwenye N, kifaa kinawaka, kinazimika, na siku ya shoti ya laivu kwenda ethi, breka hairuki.

Kwenye poli nne, nyutro ina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni ukubwa wake. Baadhi ya breka kubwa za poli nne hutengenezwa na nyutro yenye ulinzi wa nusu ya fezi, kwa hoja kwamba fezi tatu zikilingana nyutro haibebi kitu. Hoja hiyo ilifaa wakati mizigo ilikuwa hita na mota. Kompyuta, taa za LED na chaja huvuta umeme kwa vipande vifupi, na vipande hivyo huzaa mikondo ya masafa ya mara tatu ya yale ya msingi, ambayo kwenye nyutro haifutani bali hujumlika. Kwenye jengo lenye vifaa hivyo vingi, nyutro inaweza kubeba zaidi ya fezi yoyote. Huko unahitaji nyutro kamili, na unahitaji kuipima kwa klampu inayosoma thamani halisi ya RMS (ile inayolingana na joto ambalo mkondo huzaa), kwani klampu ya bei nafuu inayokadiria wastani hudanganya kwa mawimbi yaliyokatika.

La pili ni mpangilio wa kufunga (kontakti kugusana) na kufungua (kuachana). Nyutro haipaswi kufunguka kabla ya fezi wala kufunga baada yake. Fezi zikibaki zimeshika huku nyutro imeachia, sehemu ya kati inaelea. Fezi yenye mzigo mdogo inapanda volteji kuelekea ile 400, na vifaa vya volti 230 vilivyo juu yake vinaungua kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana poli ya N huwekwa mahali pake maalumu kwenye swichi ya poli nne. Usiibadilishane na fezi kwa sababu tu waya ulikuwa mfupi.

Kuunganisha poli sambamba

Hii ndiyo hila inayopendwa kuliko zote: swichi ya ampia 16 ya poli mbili, unaunganisha poli zote mbili kichwa kwa kichwa, unatangaza kuwa una swichi ya ampia 32. Kwa karatasi inapendeza. Tuitazame kwa kontakti.

Ukinzani wa kontakti iliyofungwa ni mdogo mno, milioomu (sehemu ya elfu ya oomu) chache tu, na haulingani kati ya poli na poli. Tofauti huletwa na uchafu, ukali wa springi, kovu la cheche ya jana, na jinsi skrubu ilivyokazwa. Tuseme poli moja ina milioomu 2 na nyingine 3, na mzigo ni ampia 30. Mkondo hugawanyika kinyume na ukinzani: poli ya kwanza inabeba ampia 18, ya pili 12. Tayari poli ya kwanza imevuka 16, ingawa jumla ni chini ya 32. Milioomu moja tu imetosha. Urefu wa nyaya za kuunganishia ukitofautiana, hali inazidi kuharibika.

Hayo ni wakati swichi imefungwa na imetulia. Balaa lenyewe liko wakati wa kufungua. Kontakti mbili hazifunguki kwa pamoja hata siku moja. Moja itatangulia, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, na ikishaachia, ampia 30 zote zinahamia kwa iliyobaki, ambayo sasa ndiyo inayoukata mzigo mzima peke yake. Cheche zote zinaishia hapo. Wakati wa kuwasha ni hivyohivyo: itakayofika kwanza inapokea mkupuo wote wa mwanzo. Baada ya muda poli hiyo inachakaa, ukinzani wake unapanda, mkondo unahamia kwa mwenzake, naye anaungua. Au kontakti inagandana, na swichi haizimi tena.

Je, ni marufuku kabisa? Kwa sakiti breka na swichi za kawaida, ndiyo, isipokuwa mtengenezaji ameandika kwamba inaruhusiwa. Kwa kontakta, watengenezaji wengi huruhusu na hutoa vizidishi vyao pamoja na vipande vya shaba vya kuunganishia. Vinavyoonekana mara nyingi ni takribani 1.6 kwa poli mbili, 2.25 kwa tatu na 2.8 kwa nne. Ona kwamba hata wao, wenye maabara, hawaandiki 2, 3 na 4. Na vizidishi hivyo ni vya mizigo ya hita, si vya kuanzisha mota.

Kuunganisha kwa mfululizo, na kwa nini DC ni jambo jingine

Poli zikifuatana kwenye waya mmoja, mkondo ni uleule kote, hivyo ampia hazipandi hata kidogo. Kinachopanda ni volteji ambayo swichi inaweza kuikata. Hilo lina thamani kubwa kwenye umeme wa DC.

Kontakti zinapoachana zikiwa na mkondo, hewa iliyo kati yake inapata moto kiasi cha kupitisha umeme, na cheche inaendelea kuunganisha pande mbili: hilo ni tao la umeme. Kwenye AC ya hezi 50, mkondo unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila mara tao linapata nafasi ya kufa. DC haina sifuri. Tao linaweza kuendelea kuwaka mpaka pengo liwe refu vya kutosha au kontakti ziyeyuke. Tazama relei (swichi ndogo zinazoendeshwa kwa koili) nyingi: zimeandikwa ampia 10 kwa volti 250 AC, na ampia hizohizo 10 kwa volti 30 tu za DC. Ni kontakti ileile, na volteji inayoruhusiwa imeshuka zaidi ya mara nane.

Kwa hiyo ukipitisha waya kwenye poli mbili zinazofuatana, tao linakatwa sehemu mbili, kila moja ikibeba karibu nusu ya volteji. Poli nne, sehemu nne. Swichi za kutenga paneli za jua huja na jedwali la namna hii: safu ya volteji, safu ya idadi ya poli zilizofuatana, na ampia zinazoruhusiwa. Swichi iliyoandikwa 32 kwa herufi kubwa inaweza kuwa ya ampia 32 kwa volti mia kadhaa ikiwa poli nne zote zimefuatana, na ikashuka kuwa ya ampia chache sana ikiwa umetumia mbili tu kwa volteji ileile. Soma jedwali, usisome herufi kubwa. Kwa paneli za jua tafuta makundi ya DC-PV1 au DC-PV2 ya kiwango cha IEC 60947-3.

Baadhi ya breka za DC zina alama za + na − kwenye terminali. Ndani yake kuna sumaku inayolisukuma tao kuelekea kwenye chumba cha kulizimia. Mkondo ukipita kinyume, sumaku hiyohiyo inalisukuma upande usiofaa, na breka inaweza kuwaka moto mikononi mwa anayeizima. Kwenye waya wa betri, ambako mkondo huenda pande zote mbili, unahitaji breka isiyo na upande.

Kusoma maandishi yenyewe

Kwenye swichi ndogo za vifaa, zile za kubonyeza upande huu na huu, utakuta kitu kama 16(4)A 250V~ T85 5E4. Namba ya nje ya mabano, 16, ni ampia za mzigo wa ukinzani kama hita. Namba ya ndani, 4, ni ampia za mota. Alama ~ ni AC. T85 ni joto la juu la mazingira, nyuzi 85 za Selsiasi. 5E4 ni mara 50,000 za kuwasha na kuzima. 1E4 ingekuwa 10,000. Namba zikitenganishwa kwa mkwaju, mfano 2/8A, ya pili ni kilele cha mkupuo wa kuwasha unaostahimilika, jambo linalohusu vifaa vyenye kapasita kubwa mlangoni. Anayefunga swichi ya 16(4) kwenye mota ya ampia 10 amesoma nusu ya maandishi.

Swichi zenye volteji mbili, mfano ampia 6 kwa 125 na ampia 3 kwa 250, hazikupi ruhusa ya kuendeleza hesabu kwenda chini. Usiseme: basi kwa volti 12 ni ampia 60. Joto la kontakti halijali volteji. Linafuata mkondo.

Kwenye swichi kubwa za mzunguko na za kutenga, utakutana na herufi nyingi zaidi. Ue ni volteji ya kazi. Ui ni volteji ambayo kihami cha plastiki kimejaribiwa kuistahimili, na haimaanishi swichi inakata umeme kwa volteji hiyo. Ith ni mkondo ambao swichi inaweza kuubeba ikiwa hewani, imetulia na imefungwa. Ithe ni huohuo ikiwa ndani ya boksi, na mara nyingi ni mdogo. Ie ni mkondo wa kazi kwa volteji fulani na kundi fulani la matumizi, na ndiyo namba inayokuhusu.

Hayo makundi ndiyo moyo wa jambo. AC-21 ni mizigo ya ukinzani. AC-22 ni mchanganyiko. AC-23 ni mota na mizigo mingine yenye koili nzito. Herufi A mwishoni ni kuwasha na kuzima mara kwa mara, B ni mara chache. Uzito wa tofauti unaonekana kwenye majaribio ya IEC 60947-3. Swichi ya AC-21 inajaribiwa kuwasha na kukata mara 1.5 ya Ie. Ya AC-22 mara 3. Ya AC-23 inawasha mara 10 na kukata mara 8, kwa sababu mota inayoanza au iliyokwama huvuta mara 5 hadi 8 ya mkondo wake wa kawaida. Hivyo swichi moja ya poli tatu inaweza kuandikwa Ith 32 A, AC-21A 32 A, na chini yake AC-23A 400 V 11 kW, ambayo ni takribani ampia 22. Muuzaji ataiita ya 32. Kwa pampu yako ni ya 22.

Kontakta zina makundi yao: AC-1 kwa hita, AC-3 kwa mota inayoanza na kuzimwa ikiwa kwenye mwendo, AC-4 kwa mota inayogeuzwa au kusukumwa hatua kwa hatua. Hapa namba kubwa kwenye boksi inaweza kuwa ya AC-1 au ya AC-3 kutegemea mtengenezaji, na ukilinganisha kontakta mbili bila kutazama kundi unalinganisha vitu viwili tofauti.

Na usidhani kila kifaa chenye ampia kinalinda kitu. Kifaa cha kugundua mkondo unaovuja, kile kilichoandikwa 63A na 30mA, kinaruka kwa ile miliampia 30 tu. Ile 63 ni uwezo wa kontakti zake, na ukikipitishia 90 kitaungua kimya kimya. Kinahitaji breka au fyuzi inayokilinda. Swichi kuu ya ampia 100 iko hivyohivyo: ni ya kukata kwa mkono.

Joto

Joto la kontakti ni mkondo kwa mkondo mara ukinzani. Kwenye ampia 32, milioomu 2 huzaa wati 2. Kwenye ampia 63, milioomu hizohizo huzaa karibu wati 8 kwa poli, na kwenye poli nne wati 32, ndani ya boksi la plastiki lililofungwa. IEC 60898-1 inaruhusu breka ya 63 kupoteza hadi wati 13 kwa kila poli. Panga breka kumi bega kwa bega, zote zikiwa na mzigo wa kudumu, na zile za katikati zitaanza kuruka chini ya namba yao, kwa kuwa zilipimwa kwa joto la mazingira la nyuzi 30. Watengenezaji hutoa jedwali la kupunguza, na kwa breka nyingi zilizobanana punguzo la kufikia 0.8 si ajabu. Mzigo wa saa nyingi mfululizo, kama kuchaji gari la umeme, ndio unaofichua haya. Acha nafasi kati ya breka za mzigo huo, au weka kipande cha kutenga.

Joto hilihili ndilo linaloeleza jambo linalowashangaza wengi kwenye relei: ndani ya familia moja, mwili uleule, ile ya poli mbili inaweza kuwa ya ampia 10 na ile ya poli nne ya ampia 5. Kontakti zimekuwa ndogo na zimebanana. Namba bado ni ya kila poli. Kosa ni kudhani namba ya ndugu yake inamhusu.

Kumpata poli mgonjwa

Poli moja ikichakaa kwenye swichi ya poli tatu, mota inaweza kuendelea kuzunguka kwa fezi mbili, ikivuta takribani mara 1.7 kwenye fezi zilizobaki mpaka iungue. Multimita ya kawaida kwenye kipimo cha oomu haisaidii kumpata mgonjwa, kwani ukinzani wa nyaya za mita yenyewe ni mkubwa kuliko wa kontakti. Kinachosaidia ni kupima volteji inayodondoka kwenye poli iliyofungwa ikiwa na mzigo. Kazi hii hufanywa kwenye umeme ulio hai, kwa hiyo ni ya fundi mwenye glavu, mita na pini zilizothibitishwa kwa volteji hiyo.

Washa mzigo, ngoja kama nusu saa joto litulie, pima ampia za kila waya kwa klampu. Weka mita kwenye volti AC za kawaida kwanza. Gusa terminali ya kuingilia na ya kutokea ya poli moja, na ukishahakikisha kusoma kuko karibu na sifuri, shuka kwenye milivolti. Ukisoma milivolti 40 kwa ampia 20, ukinzani ni milioomu 2 na joto ni wati 0.8: poli nzima. Ukisoma milivolti 300 kwa ampia hizohizo, joto ni wati 6, na plastiki iliyo karibu huenda imeshaanza kubadilika rangi. Linganisha poli kwa poli. Tofauti kati yao ina habari kuliko namba yenyewe.

Kabla ya kuilaumu kontakti, zima, tenga, hakikisha hakuna umeme, kisha kagua skrubu. Nyuzi nyembamba zilizobanwa bila kofia ya shaba, ganda la waya lililoingia chini ya bamba, au aluminiamu kwenye terminali isiyoruhusu aluminiamu hutoa dalili zilezile. Kaza kwa bisibisi ya kupimia nguvu kufuata namba iliyoandikwa ubavuni, kisha rudia kipimo. Ikiwa poli ileile bado iko juu, badilisha swichi nzima. Poli mbili zilizobaki zimezeeka kwa mpini uleule na idadi ileile ya kuwasha na kuzima.